Usaili wa Arbia

Asubuhi ya Jumatatu moja, mwezi wa pili mwaka 1967, Bulle Yarrow alikuwa mtu wa thelathini na nane katika foleni ya maji ya kijiji Namba Nne. Debe lake alikuwa amelipindua akalikalia. Kisima kilitoa maji kidogo kidogo, na kujaza debe moja kulichukua muda wa mtu kunyoa ndevu akamaliza. Mzee Dagane, aliyekuwa mbele yake, alipopiga hatua tatu, Bulle naye alipiga tatu, akajikuta ametazamana na mlango wa ofisi ya walinzi. Mlangoni palikuwa na karatasi mpya. Kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, aliisoma.

Chuo kikuu kimoja cha bara kilikuwa kinatafuta watafiti watatu wa sayansi na uhandisi, watu waliokwisha kupata shahada ya uzamivu. Mmoja wa nishati ya jua, mmoja wa madaraja, na mmoja wa maji yaliyo chini ya ardhi katika nchi kavu. Mkataba ulikuwa wa miezi kumi na miwili, pamoja na chumba chenye meza na dirisha. Maombi yalitakiwa kufika kabla ya mwezi kwisha. Juu kabisa palikuwa pameandikwa kwamba tangazo libandikwe katika kila ofisi ya serikali nchini. Ofisi ya walinzi wa Namba Nne ilikuwa ofisi ya serikali. Kwa hiyo sajini alikuwa amelipigilia misumari minne, kati ya saa za kutotembea na picha za bunduki ambazo mwananchi akiziona anapaswa kutoa taarifa.

Kijiji hakikuwa na jina jingine zaidi ya namba. Malori ya jeshi yalikuwa yamewazoa watu malishoni, mashariki ya Garissa, yakawamwaga pale pamoja na mbuzi wachache waliosalia, wakazungushiwa seng'enge ili wapiganaji wa porini, ambao redio iliwaita shifta, wasipate kwao maziwa wala habari. Kila asubuhi waliitwa majina. Hakuna aliyeandikwa katika daftari la kijiji aliyeruhusiwa kutoka bila cheti.

Bulle alikuwa na hiyo shahada. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha kamba, imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekaa Uingereza miaka saba akisoma jinsi maji yanavyosafiri chini ya mchanga, na katikati ya miaka hiyo alirudi mara moja tu, akamwoa Lul. Mwezi wa nane mwaka uliopita alirudi kwa mara ya pili, akawafuata mkewe, mama yake na bintiye Naimo malishoni. Siku ya tatu malori yalifika. Karani aliyekuwa akiandika majina alimwuliza kazi yake, naye akasema ni daktari. Karani akamwuliza ziko wapi sindano zake. Bulle alipoeleza ni daktari wa namna gani, karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika: mchungaji.

Alipopata maji yake aliyafikisha nyumbani, akarudi ofisini kumwona ofisa wa kijiji. Ofisa alikuwa kijana mwungwana aliyetoka bara, mwenye mwandiko mzuri.

"Cheti cha safari anapewa mwenye barua ya kuitwa," ofisa alisema.

"Barua ya kuitwa anapewa aliyepeleka maombi."

"Basi peleka maombi."

"Ndiyo nimekuja kuomba cheti cha kuyapeleka."

Ofisa alifikiri, tena kwa moyo wa kutaka kusaidia. "Tuma kwa posta. Barua za hapa husomwa kwanza Garissa, halafu husomwa tena huko mbele. Miezi minne hivi, zinafika."

"Mwisho wa maombi ni tarehe ishirini na nane mwezi huu."

"Hilo sasa ni la chuo kikuu," ofisa alisema kwa huruma. Akamwuliza mtoto anaendeleaje.

Mtoto hakuwa anaendelea. Naimo alikuwa na miaka minne, na maji ya kile kisima yalikuwa na chumvi iliyoacha utando mweupe midomoni. Alikuwa akiharisha tangu Desemba. Miguu yake ilikuwa imekonda hata Lul akaacha kumvalisha bangili za shanga, kwa sababu zilianguka zenyewe. Tangu Desemba kijiji kilikuwa kimezika watoto kumi na mmoja.

Alasiri hiyo mama yake Bulle, Arbia, alikuja kama kawaida. Arbia alikuwa amekufa mwezi wa kumi na moja. Mbuzi wake alipenya kwenye seng'enge jioni, saa kumi na mbili na dakika chache, saa za kutotembea zikiwa zimeanza, naye akamfuata, na askari mgeni ambaye hakumjua akapiga risasi. Asubuhi sajini aliomba radhi, akalichukua daftari, akalipigia jina la Arbia mstari mwekundu kwa rula. Walimzika nje ya seng'enge, hatua mia tatu kutoka langoni, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Siku ya tatu akaja kutembea. Askari wa lango alifungua daftari, akaliona jina limekatwa, akaona kwamba kanuni za watu walioandikwa hazimhusu, akampisha. Wengi kijijini walikuwa na watu wao waliokuja alasiri, na hakuna aliyelizungumza sana.

Aliketi penye mkeka wake, akapewa kikombe cha chai. Hakunywa, lakini alipenda kukishika. Tundu la risasi kwenye garbasaari yake, ule mtandio mpana wa wanawake wa kwao, alikuwa amelitia kiraka mwenyewe.

"Hooyo, una nini leo?" Arbia alimwuliza mwanawe. Hooyo ni mama, na huko kwao mama humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye.

Bulle alimweleza. Arbia alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: chuo kikuu kiko upande gani wa mto?

"Ng'ambo. Unavuka daraja la Garissa, halafu unafuata barabara mpaka iishe."

"Andika barua yako. Nitaipeleka."

"Hooyo, ni mbali."

"Nina nini cha kufanya?" alisema Arbia.

Bulle aliandika mpaka jua likawa jekundu. Arbia aliitia barua kifuani, akatoka. Langoni sajini alimkagua. Bidhaa hazikuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali, lakini sajini aliigeuzageuza bahasha, akaamua kwamba karatasi si bidhaa.

Siku ya tisa alirudi na risiti yenye mhuri. Alisema darajani walimtafuta katika madaftari matatu, walipomkosa wakamwambia apite. Alisema ng'ambo ya mto watu wana miti mingi na haraka nyingi. Mwanamke aliyepokea barua alimtafutia kiti, akamwambia pole na safari.

Jibu lilikuja kwa mkono wake huo huo katikati ya mwezi wa tatu, maana alirudi huko kulifuata. Dkt. Bulle Yarrow alialikwa kwenye usaili, Jumanne saa nne asubuhi, na alitakiwa kuhudhuria yeye mwenyewe. Bulle aliipeleka barua kwa ofisa.

Ofisa aliisoma, akampa mkono kumpongeza. "Sasa tunaweza kuanza," alisema. "Nitapeleka jina lako Garissa likachunguzwe. Siku tisini tu."

"Usaili ni Jumanne ijayo."

"Ukipata kazi, utapewa cheti cha kwenda kazini, hicho ni chepesi zaidi. Cha usaili ndicho kigumu, kwa sababu mtu wa usaili bado hana kazi."

Kwa hiyo Arbia alikwenda kuwaeleza kwa nini mwanawe hatafika. Hakukusudia zaidi ya hapo. Aliporudi, alasiri ya Jumamosi, aliketi, akachukua kikombe, akasimulia mambo kwa utaratibu. Nyuma ya meza ndefu palikuwa na wanaume wanne. Aliwaambia kijana wake amezuiwa. Mwenyekiti alifungua karatasi yake, akasema saa nne ni ya mtahiniwa wa maji, na kwa kuwa kuna mtu ameketi kwenye kiti, waendelee. Wakamwuliza anajua nini kuhusu maji ya chini ya ardhi katika nchi kavu.

"Ukawajibu nini, hooyo?"

Arbia alikuwa amewajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisichojua p, na sasa akakirudia vile vile. "Niliwaambia, maji tamu iko. Mimi nalala huko, nasikia yeye akibita."

"Wakasema nini?"

"Waliniuliza ni kina gani. Nikawaambia, watu sitini wakisimama kila mmoja juu ya mabega ya mwenzake. Mmoja wao akaandika."

Bulle alipiga hesabu kichwani bila kutaka. Mita tisini hivi, ukitoa vichwa. Ilikuwa karibu sana na kile ambacho yeye mwenyewe alikikisia katika sura ya tano ya tasnifu yake, huko Uingereza, kwenye chumba chenye mvua dirishani.

Barua ya mwisho ilikuja mwezi wa nne. Ilisema bodi imesikitika kwamba Dkt. Bulle Yarrow hakuhudhuria. Nafasi ya mtafiti wa maji ya ardhini imepewa Bi Arbia Nuh, ambaye alihudhuria, na ambaye uzoefu wake wa eneo lenyewe haulinganishiki na wa mtahiniwa mwingine yeyote.

Bulle aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Hooyo, hii ni kazi yangu."

"Najua. Niliwaambia."

"Wakakujibu nini?"

"Walisema wewe hupo, mimi nipo."

Alitoka nje bila viatu. Alitembea kandokando ya seng'enge mpaka kwenye pembe, pale ilipopinda, akasimama akitazama malisho ambayo hakuna mnyama aliyeyala. Alikuwa akimwonea wivu mama yake mzazi, tena aliyekufa, na jambo hilo lilimtia aibu. Miaka saba alikuwa amekula mkate mkavu na kuandika kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Arbia hakujua hata kuandika jina lake. Alikaa pale mpaka askari wa pembeni akamwambia, kwa upole, kwamba kusimama karibu na waya hakuruhusiwi.

Aliporudi, mama yake alikuwa bado ameketi na kikombe chake.

"Mimi sijui hesabu," Arbia alisema. "Nitakuja kila Ijumaa nikueleze nilichosikia. Wewe utaandika."

Ndivyo walivyofanya. Nchi nzima ile, kutoka Garissa hadi mpakani, ilikuwa na makaburi ya wafugaji yaliyopangiwa mawe. Arbia alikwenda kaburi kwa kaburi, akabisha hodi, akawauliza waliomo wanasikia nini chini yao: maji au kimya, karibu au mbali, yanakwenda upande gani. Wengine walikuwa wamelala hapo miaka mia na walishukuru kuulizwa. Siku ya Ijumaa alimletea Bulle majibu, naye akayachora nyuma ya fomu za posho, nukta kwa nukta, akapiga hesabu za mtiririko kwa kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu. Kufikia mwezi wa sita alikuwa na nukta sitini na nne. Mto mzima ulianza kuonekana karatasini, mto usiokuwa na kingo, ukipita taratibu chini ya mchanga kuelekea kusini mashariki.

Kulikuwa na Ijumaa ambapo Arbia alileta jibu la mzee mmoja aliyelalamika kwamba maji yanampigia kelele na hapati usingizi, na Bulle akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu malori. Lul alikuwa nyuma yao, Naimo akiwa mapajani.

"Mnacheka," Lul alisema.

Bulle aliweka kalamu chini, akamchukua mtoto, akamshika mpaka magharibi. Naimo alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Ripoti ilichapishwa mwezi wa saba. Ilikuwa na kurasa arobaini na ramani moja, na jina la Arbia Nuh kwenye jalada. Ukurasa wa mwisho ulimshukuru mkazi mmoja wa kijiji Namba Nne kwa msaada wa hesabu. Ilipendekeza kisima kimoja cha majaribio. Mahali penyewe palikuwa kando ya makaburi ya kijiji, hatua mia tatu nje ya lango.

Chuo kikuu hakikukawia. Mwezi wa nane mtambo wa kuchimba ulifika ukisindikizwa na magari mawili ya jeshi. Kijiji chote kilisimama kwenye seng'enge kutazama. Siku ya kwanza ukatoka mchanga mwekundu, ya pili udongo wa mfinyanzi, ya tatu changarawe. Siku ya tano, mita tisini na moja chini, maji yakapanda. Fundi mmoja aliyakinga kwa kofia yake ya chuma, akaonja, akainua kidole gumba kuelekea kwenye waya. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Dagane alipiga magoti akasujudu palepale vumbini. Bulle alirudia hesabu zake kichwani. Alikuwa amekosea kwa mita moja.

Mafundi walifunga pampu ya mkono, wakapakia mitambo, wakaondoka. Kesho yake Bulle, akiwa na wazee wanne nyuma yake, alikwenda kwa ofisa.

"Ni kazi nzuri sana," ofisa alisema, na ripoti ilikuwa wazi mezani kwake. "Nimeisoma yote. Lakini pampu iko nje. Walioandikwa hawatoki bila cheti, na vyeti vya kuteka maji havipo."

"Basi askari watuletee."

"Maji ni bidhaa. Bidhaa haiingii bila kibali cha Garissa."

"Sogezeni seng'enge," alisema mzee Dagane. "Hatua mia tatu tu."

"Hilo nimekwisha kuuliza," ofisa alisema, na kweli alikuwa ameuliza, akawaonyesha barua. "Seng'enge imechorwa kwenye ramani, na ramani imetiwa saini. Ramani mpya inahitaji wapimaji. Wapimaji watakuja amani ikirudi."

Bulle alisema, "Mtoto wangu anakufa, bwana ofisa."

Ofisa aliinamisha kichwa. Alikuwa amezisikia habari hizo, na zilimhuzunisha, na alisema hivyo.

Pampu haikukaa bure. Waliokatwa majina waliweza kuitumia, wakaitumia. Kila siku baada ya adhuhuri walipanga foleni, wazee, wanawake, na wale watoto kumi na mmoja ambao sasa walikuwa kumi na wanne, wakapigiana pampu kwa zamu, wakanawa, wakanywa, wakamwagiana. Ndani, walio hai waliendelea na foleni yao ya kisima cha chumvi. Foleni mbili hizo zilionana vizuri. Watu walipungiana mikono.

Chuo kikuu kiliandika barua ya kumpongeza Bi Arbia Nuh na kumwongezea mkataba mwaka mmoja. Mwishoni kilisema Dkt. Bulle Yarrow anakaribishwa kuomba tena mwakani, iwapo atakuwepo.

Jumatano moja Arbia alikuja alasiri, na garbasaari yake ilikuwa imelowa chepechepe. Askari wa lango walikuwa wamemkagua mikono, wakakuta hana debe, hana chupa, wakampisha. Aliingia ndani ya kibanda, akajivua mtandio, akampa Lul. Lul aliutazama, kisha akaelewa, akauleta juu ya kikombe akaukamua kwa nguvu zake zote. Nusu kikombe ilipatikana. Yalikuwa maji yenye harufu ya udongo na ya nguo, lakini hayakuwa na chumvi. Naimo aliyanywa yote, akaomba mengine.

"Kesho," bibi yake alimwambia.

Kesho alileta, na kesho kutwa. Siku ya sita mtoto alilala bila kuharisha. Bulle alikaa karibu naye, akimhesabia pumzi, akiogopa kufurahi. Jirani yao Muslimo, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliokatwa majina, alipoona hivyo alimwambia mumewe naye aloweshe kikoi. Baada ya wiki mbili kila aliyeingia langoni alasiri alikuwa anadondoka maji, na vumbi la njia kuu ya kijiji likawa na mstari wa tope. Sajini aliutazama mstari huo siku tatu. Alikuwa na watoto wake mwenyewe kwao, akasitasita, lakini tope lilikuwa tope, akaandika taarifa.

Jumatatu amri mpya ilifika kutoka Garissa: marehemu wote wakaushe nguo zao kabla ya kupita langoni. Sajini aliisoma kwa sauti, akawaomba radhi waliokuwa karibu.

Arbia hakubishana naye. Alisimama nje ya lango, juani, ameitandaza mikono na garbasaari ikipeperuka. Upande wa ndani alisimama Naimo, kikombe mkononi, akimsubiri bibi yake akauke.